Kwa nini yule mama alicheka: historia ya akiba kwenye kona ya nchi tatu

Nawaandikia wa hapa Rusizi na ninyi mliokwisha kupanda basi kwenda Mahama. Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya mpira, ila kuna kitu kimetokea kwenye hema la mafunzo na kimenikaa kichwani, basi mpira utangoja.

Alikuja mwezeshaji, mtu mwema, amevaa fulana ya shirika lake, akabandika karatasi kubwa. Juu aliandika: MALENGO YANGU YA PESA. Chini akachora sehemu tatu: mwezi 1, mwaka 1, miaka 5. Mimi nilikuwa natafsiri kutoka Kinyarwanda. Akamuuliza mama mmoja wa mstari wa mbele: baada ya miaka 5 ungependa kuwa na kiasi gani benki?

Mama akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyesikia habari ya jirani yake wa zamani. Halafu akasema, "Mwanangu, kwanza unionyeshe ile niliyokuwa nayo iko wapi, njo tuandike ya kesho." Hema zima likacheka naye. Mwezeshaji akanigeukia nitafsiri, nikashindwa. Nilijua maneno yote, ila nilijua pia kwamba ili acheke na sisi angehitaji kujua mambo ya miaka karibu 50. Nimeyaandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wadogo zangu wanaofikiri wazazi wetu hawajui kuweka akiba.

Tuanze na mahali tulipo. Wilaya hii, ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu, inapakana na Congo ng'ambo ya mto na ziwa, na kule chini Bugarama inakutana na Burundi. Ukishuka Kamembe usiku unaziona taa za Bukavu. Mtu wa mpaka huu anahesabu kwa faranga za Rwanda, faranga za Congo, dola, na wengine za Burundi, yote kichwani, bila kalamu. Wale kambisti wa pale darajani, wabadilisha pesa, wanajua bei ya asubuhi na ya jioni. Kwa hiyo akija mtu kutufundisha kwamba pesa ina thamani, tunamsikiliza kwa heshima tu.

Nchi zote tatu zinazokutana hapa zimewahi kufuta noti ambazo watu wake walikuwa wamezificha chini ya godoro.

Ya kwanza ni Congo, wakati huo Zaire. Mwaka 1967 Mobutu alileta pesa mpya, zaire, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2. Msishangae, ni kweli, dola 2. Koko yangu alikuwa anauza maharagwe na ndizi soko la Kadutu. Alikuwa hajui kusoma, ila rangi za noti alizijua. Hakuwa na akaunti. Kwa watu wa hali yake benki ilikuwa nyumba ya wengine. Pesa yake aliikunja kwenye kitenge, na kitenge akakiweka kwenye chungu.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli yenyewe, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitumiki tena. Hizo ndizo noti ambazo watu walikuwa nazo majumbani. Walipewa siku chache za kubadilisha, kwa kiasi chenye mpaka, kwenye benki zilizokuwa chache hata mjini, na vijijini kwa sehemu kubwa hazikuwepo kabisa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza pesa nyingi iliyokuwa mikononi mwa watu na kukomesha magendo. Mwenye jamaa ndani ya benki alibadilisha. Mwenye maharagwe alipanga foleni, na siku zikaisha akiwa bado kwenye foleni.

Koko alikuwa anaisimulia kwa sentensi moja tu, na sisi watoto tuliijua kama sala: "Siku ya Noeli tulikuwaka na feza, kisha Noeli tukabaki na makaratasi."

Alichofanya baadaye ndicho ninachotaka mkiangalie vizuri, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Hakuacha kuweka akiba. Aliacha kuweka akiba ya karatasi. Kila alipopata faida ya kutosha alinunua bati moja. Moja. Alilisimamisha nyuma ya kitanda, na jirani akimuuliza amefika wapi, alijibu kwa hesabu ya mabati: niko na sita, niko na kumi na moja. Yalipofika 24 akajenga Cimpunda. Lengo lake lilikuwa na kipimo na lilikuwa na mwisho. Sehemu iliyokosekana kwenye karatasi yake ni ya tarehe tu, na nadhani aliikosa kwa makusudi.

Na aliona mbali. Miaka ya 90 mwanzoni zaire ilianza kuanguka kama jiwe. Kinshasa watu walipeleka pesa zao kwa michezo ya kamari iliyojiita biashara, maarufu zaidi ikiwa ya Bindo, walioahidiwa kwamba pesa itajizaa mara nyingi kwa siku chache. Mwaka 1991 ikaporomoka na pesa za watu zikaenda. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Milioni tano, noti moja! Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, wanajeshi wakaingia mitaani kupora. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea na zile noti zao kuukuu zilizochakaa, na cha ajabu ni kwamba bei kwao zilipanda polepole kuliko kwingine. Mwaka 1994 bei nchini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Congo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: faranga moja ya 1998 ni sawa na zaire bilioni 300 za koko. Nilipomwonyesha mama hesabu hiyo alisema niache kuharibu betri ya simu.

Katika miaka yote hiyo bati lilibaki bati.

Sasa ng'ambo hii. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, serikali iliyoshindwa ilivuka kuingia Zaire na kubeba pesa za benki kuu. Serikali mpya ilifanya kitu ambacho pengine serikali yoyote ingefanya: mwanzoni mwa 1995 noti kubwa za zamani zikafutwa na mpya zikatolewa. Sina neno la kulaumu hapo. Ila kati ya watu waliokuwa wamevuka walikuwepo pia wakulima wa kawaida, waliobeba mfukoni bei ya ng'ombe au ya shamba la kahawa, na bei hiyo ikafia kambini Bukavu. Mzee mmoja jirani yetu alizitunza hadi juzi juzi. Watoto wake walikuwa wanazichezea duka.

Na ninyi wa Burundi msifikiri nimewasahau. Tarehe 7 Juni 2023 benki kuu yenu ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zitaondolewa, na muda wa kuzipeleka benki ni siku 10. Kwa mtu aliyekuwa Bujumbura siku 10 ni taabu. Kwa mtu aliyekuwa kambini nje ya nchi, na noti zake chache alizoshona kwenye pindo la sketi, siku 10 na miaka 10 ni sawa. Rafiki yangu mmoja Mrundi alisema shangazi yake alijua habari hiyo siku ya 12.

Basi mnaona: 1979, 1995, 2023. Sababu tofauti, serikali tofauti, wengine walikuwa na haki na wengine hawakuwa. Kwa mwenye kitenge na chungu ni kitu kilekile. Ndiyo maana mama kwenye hema alicheka.

Lakini benki je? Wadogo zangu wataniambia: kaka, hao wote waliweka nyumbani, wangeweka benki wasingepoteza. Sawa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na nilifungua akaunti Bukavu nilipomaliza shule, nikajisikia mtu mkubwa. Februari 2025 vita ikaingia mjini. Kabla ya hapo, mwisho wa Januari, Goma ilikuwa imeshaanguka na benki zake zimefunga. Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na milango ya benki ikafungwa vilevile. Pesa haikuibwa, haikufutwa, ipo kwenye kompyuta mahali fulani. Ila huwezi kununua unga kwa pesa iliyopo mahali fulani. Waliokuwa na pesa kwenye simu walipata njia, ingawa mtoa pesa alikata fungu lake nene kwanza. Mimi nilivuka na faranga za kutosha moto moja na maandazi.

Mabati ya koko pia hayakuvuka. Hilo lazima niliseme ili nisiwadanganye. Hakuna anayekimbia na paa kichwani. Nyumba ya Cimpunda ipo, na sisi hatupo ndani yake.

Sasa nifike kwa mama yangu mzazi, maana kwake nilijifunza zaidi kuliko kwenye akaunti.

Mama alikuwa kwenye likelemba. Wanyarwanda wanasema ikimina, Tanzania wanasema upatu, Kenya chama, ni ndugu wa baba mmoja. Walikuwa wanawake 12 wa soko, kila mmoja dola 20 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba zote 240. Walianza Juni 2024 kwa kupiga kura. Mama akapata namba 9. Alifurahi, kwa sababu namba 9 ilikuwa mwisho wa Februari, na alikuwa na lengo lake: friza ya zamani ambayo mwenye duka alikubali kumwekea, ili auze samaki na maji ya baridi. Alilipa Juni, Julai, Agosti, hadi Januari. Miezi 8, dola 160. Februari katikati mji ukaanguka. Wanawake 12 wakatawanyika, wengine Uvira, wengine Burundi, wengine ng'ambo hii, wengine walibaki.

Nilikasirika kuliko yeye. Nilimwambia, ona sasa, wanane wamekula, wewe umelala njaa. Hakunijibu.

Mwezi wa tano, tuko Kamembe sokoni, mama mmoja akamshika bega kwa nyuma. Alikuwa namba 3. Walilia kwanza, kama kawaida. Halafu namba 3 akafungua kanga yake, akatoa faranga za Rwanda zilizokunjwa, akahesabu kiasi cha dola 20 kwa bei ya siku ile. Alisema, "Hii iko yako ya mwezi wa pili." Mtu huyo alikuwa anauza mboga chini, bila kiti. Baada yake mwingine alituma kwa simu kutoka Burundi. Wa tatu alituma nusu, akaomba muda, akamaliza. Hadi leo watano kati ya wale wanane wamemrudishia. Dola 100. Wengine watatu hatujui hata kama wako hai, na mama ametukataza kuwataja kama wadeni.

Sikuandika haya ili mseme likelemba haina ubaya. Ina ubaya, na kila mtu hapa anaujua: wa kwanza anabeba mkopo, wa mwisho anabeba hatari. Nimeona mweka hazina akitoweka na pesa bila vita yoyote. Mama yangu alikuwa na bahati ya kuchagua watu. Ila angalia: akaunti yangu haijanitafuta Kamembe sokoni.

Ubaya huo wa likelemba ndio ambao wengine walijaribu kuurekebisha, na hapa kuna historia fupi ambayo waseminari wetu huwa hawaisemi, labda wanafikiri hatuihitaji. Yale makundi mnayoyaita AVEC kwa Kifaransa, yenye sanduku na vitabu vidogo vya mihuri, yalianzia Niger, eneo la Maradi, mwaka 1991. Mnorwe mmoja wa shirika la CARE, Moira Eknes, alikuta wanawake wa Kihausa tayari wana upatu wao, kama mama zetu. Hakuuondoa. Juu yake yamejengwa makundi ya leo, yenye mambo machache yaliyoongezwa. Kila mtu ananunua hisa kadiri ya uwezo wake, hakuna anayelazimishwa kiasi kimoja. Pesa inakopeshwa ndani ya kikundi kwa riba wanayokubaliana wenyewe. Kila kitu kinafanywa mbele ya wote. Na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida kama mwaka mmoja, sanduku linamwagwa, kila mtu anabeba hisa zake na faida, halafu wanaanza upya. Makundi hayo yalienea Afrika. Zanzibar yaliota kuzunguka msitu wa Jozani, na Rwanda, Burundi na Kivu zimejaa.

Ninachokipenda mimi ni kufuli. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mwenye kukaa na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Aliyebuni kitu hicho alikuwa anawajua binadamu.

Na ninapenda kumwaga. Pesa haikai humo miaka 5 ikingoja serikali, vita au mfumuko wa bei uikute. Mzunguko unaisha, pesa inageuka kuwa mbuzi, bati, ada, cherehani. Ukifikiria, ni ujanja uleule wa koko, ila umefanywa na watu 20 pamoja.

Kwa ndugu wa mashirika mnaosoma ukurasa huu, na najua mnasoma, nina ombi dogo. Msianze na miaka 5. Hapa ni kambi ya kupita, mtu halali akijua kama wiki ijayo yuko hapa au kwenye basi. Hata msaada wenyewe haushikiki: wakimbizi wa Gihembe walianza kupewa pesa badala ya chakula mwaka 2014, watu wakazoea kupanga mwezi wao, na mwaka 2021 msaada ulipunguzwa sana, familia zikagawanywa kwa makundi, wengine wakaambiwa wanajiweza na hawapati kitu. Mliofanya kazi wakati huo mnakumbuka nyuso. Mkianza kwa kuuliza "ulikuwa unaweka wapi, na ilipoteaje?", mtapata somo lote pale pale, kutoka kwa watu wenyewe. Yule mama aliyecheka, nilimfuata baadaye bombani. Ana lengo. Anataka sufuria tatu kubwa na jiko, auze chai na uji asubuhi. Alikuwa anajua bei ya kila sufuria Kamembe. Kiasi cha benki ndicho alichoshindwa kujibu.

Sisi vijana tulianza kikundi chetu kwa akili hiyohiyo. Tuko 14, Wakongomani na Warundi. Kila wiki faranga 500 kwa hisa, mwisho hisa 3. Mzunguko wetu ni wiki 12 tu, kwa sababu mwaka mzima kwetu ni ndoto. Anayeitwa kuhamishwa kabla ya mwisho anapewa chake usiku huohuo, hata kama ni saa tano na tunahesabu kwa tochi ya simu. Kukosa mkutano faini ni 100. Na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kila mtu ameandika kitu anachotaka, hakuna aliyeruhusiwa kuandika namba. Tumeandika: mashine ya kunyoa. Viatu vya kazi. Kitambaa yadi 6. Mmoja aliandika "mke", tukambishia, akabadilisha akaandika godoro, tukasema sawa, ni mwanzo. Mimi niliandika nakala za diploma yangu zilizopigwa muhuri, maana ya asili iliachwa.

Mashine ya kunyoa imeshanunuliwa. Mwenyewe ananyoa karibu na lango, watoto kwa bei ya nusu.

Juma lililopita mmoja wetu, mtunza ufunguo namba 2, aliitwa ghafla kwenye basi la Mahama. Tulimhesabia chake usiku, akasaini, tukamwimbia, akaondoka alfajiri. Siku ya mkutano tumekaa wote, sanduku katikati, ndipo tukagundua ameondoka na ufunguo shingoni. Tulibishana kama tukate kufuli. Tuliamua kungoja, na hisa za wiki ile zikalala kwenye soksi chini ya ulinzi wa watu wanne, jambo ambalo koko asingelipenda.

Ufunguo ulirudi baada ya siku sita, kwa mkono wa dereva, umefungwa kwenye karatasi ya daftari na uzi. Ndani ya karatasi alikuwa ameweka sarafu ya 100, faini ya kukosa mkutano.